Wembe wa Plau na Daftari la Madeni

Msumeno ulipasuka kwa sauti ya glasi. Nilikuwa nimeutoa motoni umewiva rangi ya chungwa, nikautumbukiza kwenye ndoo ya maji, na ufa ukakimbia kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu la katikati. Nikabaki na nusu kwenye koleo, nusu nyingine ikichemsha maji chini ya ndoo. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, kwenye banda la nyuma ya nyumba tunayopanga Rock Island, Illinois, Marekani, theluji ikiwa imefika magotini. Hilo lilikuwa bamba la tatu kuharibika. Kwa hesabu ya siku ile nilikuwa nimeshateketeza dola 640 na miezi mitano, nikijaribu kufanya kitu ambacho binti yangu alifundishwa shuleni kwamba mhunzi mmoja alikifanya mwaka 1837 kwa msumeno uliovunjika.

Naandika haya kwa yeyote anayetaka kufuatilia maisha ya fundi wa zamani, awe babu yake mwenyewe au mtu asiyemhusu kwa damu, kama huyu wangu. Nilipotea njia mara nyingi, na makosa mengine yalikula pesa iliyokuwa na kazi nyingine nyumbani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimezaliwa Maswa, mkoani Simiyu. Baba analima kwa plau na ng'ombe, na shamba letu kubwa liko mbugani, kwenye ule udongo mweusi ambao kila Msukuma anaujua: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unanata kama ugali kwenye mwiko. Utotoni kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya plau na kijiti. Hatua kadhaa, Baba anasimamisha ng'ombe, nakwangua, tunaendelea. Kwa hiyo binti yangu Neema aliporudi na karatasi ya darasa la tatu, akanisomea kwamba wakulima wa Illinois walikuwa wakisimama kila baada ya hatua chache kukwangua udongo ulioganda kwenye plau, nilimwambia arudie. Nilidhani nimesikia vibaya. Udongo wa mbuga uko huku pia?

Uko. Nyanda hizi zilifunikwa na nyasi ndefu kupita kimo cha mtu, zikaota na kuoza kwa maelfu ya miaka, zikaacha udongo mweusi wenye rutuba kubwa na mizizi iliyosukana kama mkeka. Walowezi walikuja na maplau ya chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, kutoka majimbo ya mashariki, ambako udongo ni mwepesi na wa kichanga. Huku yalishindwa. Udongo haukuteleza, uling'ang'ania. Wengine walikata tamaa wakafikiria kurudi walikotoka.

Mtu wa kwenye karatasi ya Neema alikuwa John Deere, yule ambaye jina lake liko kwenye matrekta ya kijani dunia nzima. Kisa cha shuleni kilikuwa kifupi: mhunzi kutoka Vermont anafika kijiji cha Grand Detour, kando ya mto Rock, mwaka 1836, anaona msumeno uliovunjika kwenye kinu cha mbao, wa pua, yaani kile chuma kigumu cha visu na misumeno, anaukata, anaukunja, anaung'arisha, udongo unateleza, nchi inalimika. Mimi fundi niliona hapo kichocheo cha kufuata. Nikasema nitatengeneza wembe wa plau kwa njia ileile, niwaonyeshe watoto wa jumuiya yetu hapa, Watanzania na Wakongo na Warundi, kwamba babu wa matrekta alikuwa fundi kama baba zao.

Kosa langu la kwanza ni hilo: nilianza na nyundo kabla ya kujua alikuwa nani.

Nilinunua fuawe, kile chuma kizito cha kufulia juu yake, mtandaoni kwa dola 280. Lilipendeza, limepakwa rangi mpya nyeusi. Nilipolipiga mara ya kwanza lilitoa sauti ya kufa, kama unapiga gunia la mchanga. Lilikuwa chuma cha kalibu tupu, na baada ya wiki mbili uso wake ulishaanza kubonyea. Ukitaka kununua fuawe, nenda na gololi ya chuma mfukoni. Idondoshe kutoka kimo cha shubiri moja na nusu. Ikirudi juu karibu ilikotoka, nunua. Ikidunda kidogo na kulala, ondoka, hata muuzaji akipunguza bei mpaka nusu. Na rangi mpya kwenye chuma kikuukuu ikutie shaka, maana rangi inaficha nyufa.

Nilichelewa pia kutafuta mwalimu. Miaka kumi na minne ya kuchomelea mageti na magrili ilinidanganya kwamba chuma nakijua. Ninachojua ni kuunganisha chuma. Kukifua ni elimu nyingine kabisa. Mchomeleaji anatazama moto kupitia kioo cheusi, ila mhunzi anausoma kwa macho makavu, kwa rangi: wekundu wa damu ya mzee, wekundu wa cheri, chungwa, manjano, halafu cheche nyeupe zinazoruka, na ukiona hizo ujue umekiunguza na hakuna dawa.

Baada ya bamba la tatu nilimwendea mzee mmoja anayefundisha uhunzi jioni, karibu na hapa. Ana miaka sabini na ushei. Nilimpelekea vile vipande viwili. Akavigeuzageuza, akaniambia kwanza kwamba misumeno ya siku hizi ina mchanganyiko unaotaka kuzimwa kwenye mafuta, na maji huipasua. Hilo lingeniokolea mabamba matatu. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililobadilisha safari yangu yote.

"Kama ungekuwa na kipande kidogo tu cha pua, na pua ni ghali, ungekiweka sehemu gani ya plau?"

Nikamjibu bila kufikiri: kwenye wembe. Pale panapokata na kulika.

"Na lile bamba kubwa linalopindua udongo?"

"Chuma cha kawaida, nikisugue mpaka kiwe laini."

Akanirudishia vipande vyangu. "Na yeye alikuwa fundi kama wewe. Kasome tena."

Nikasoma tena. Plau moja alilolitengeneza Deere mwaka 1838 lipo mpaka leo kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian, Washington. Wataalamu walipolichunguza waliona kwamba bamba la kupindua udongo ni la chuma cha kufua, na wembe ndio wa pua. Pua nzuri ilikuwa adimu upande huu wa nchi. Baadaye, katika miaka ya 1840, alilazimika kuiagiza kutoka Uingereza. Fundi mwenye akili haimwagi pua pahali ambapo chuma laini kilichosuguliwa kinatosha. Hadithi ya kwamba plau zima lilizaliwa kwenye msumeno mmoja ni tamu, nami niliipigia nyundo miezi mitano.

Na hakuwa wa kwanza kufikiria pua. Mhunzi mwingine wa Illinois, John Lane, alishafunga vipande vya msumeno kwenye plau mwaka 1833. Hakujitajirisha nalo, na karatasi ya Neema haikumtaja.

Hapo nikaweka nyundo chini kwa muda, nikaanza kumtafuta mtu.

Deere alizaliwa Rutland, Vermont, mwaka 1804. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1808 alipanda meli kwenda Uingereza, hakuonekana tena. Mama alilea watoto kwa kushona. Akiwa na miaka 17 kijana akawekwa kwa mhunzi wa Middlebury kujifunza kazi. Akahitimu, akaoa, akakopa, akajenga karakana. Karakana ikaungua. Akakopa tena, akajenga. Ikaungua tena. Mwaka 1836 anadaiwa, anashtakiwa, na zama hizo mdaiwa aliweza kutiwa jela. Mwishoni mwa mwaka huo akachukua zana zake na pesa kidogo, akaondoka kwenda magharibi peke yake. Nyuma alimwacha mkewe, Demarius, na watoto wanne, na mimba ya wa tano.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Nilikaa jikoni mpaka saa nane usiku.

Sababu ni kwamba mimi pia niliondoka hivyo. Nilikuwa na karakana Mwanza. Nilikopa kikoba, nikakopa vyuma kwa mwenye duka mmoja aliyeniamini, nikachukua kazi ya mageti ya nyumba nyingi za mtu mmoja ambaye hakulipa mpaka leo. Nilipopata nafasi ya kuja Marekani nilikuwa nadaiwa shilingi milioni 3 na laki 4. Niliwaambia wadai wawili. Wa tatu sikumwambia. Mke wangu alibaki na watoto wawili na ujauzito wa Neema, na ni yeye aliyefungua mlango yule wa tatu alipokuja kugonga. Alinipigia simu usiku ule, akasema jambo moja tu: "Baba Eliya, ungeniambia ningejua la kumjibu." Neema nilimbeba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na miezi minne, uwanja wa ndege wa Chicago, akalia akanikimbia.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nikiisikia tangu mtoto. Kuilipa ni kitu kingine.

Kwa hiyo sikutaka tena kujua Deere aligundua nini. Nilitaka kujua aliishije miaka ile ya mwanzo huku. Alilipaje? Alikula nini? Wateja walimlipa kwa kitu gani? Maswali hayo hayajibiwi na vitabu vya sifa, na hapa ndipo nina ushauri wa kutoa.

Miaka ya 1870 na 1880 karibu kila kaunti ya eneo hili ilichapishiwa kitabu kinene cha historia chenye wasifu wa watu wake. Vinapatikana bure mtandaoni na ni vitamu kusoma. Lakini viliuzwa kwa kujiandikisha kabla, na familia nyingi zilisimulia zenyewe habari zao. Kila mtu humo ni mchapakazi, mcha Mungu, alianza bila senti. Vitumie kupata majina na miaka, halafu kapime kila kitu kwingine. Mimi niliviamini miezi miwili.

Sensa ni bora, ila ujue mipaka yake. Kabla ya 1850 sensa ya Marekani iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote ni vijistari kwenye safu za umri. Kuanzia 1850 kila mtu huru anatajwa kwa jina, wanaume wana safu ya kazi, na ipo safu ya thamani ya ardhi. Hapo ndipo unamwona mhunzi, fundi magurudumu, mtengeneza mapipa, fundi viatu, mtaa mzima wa mafundi mstari kwa mstari. Kulikuwa pia na orodha ya pekee ya viwanda na karakana, lakini iliwahesabu wale tu waliozalisha mali ya kuanzia dola 500 kwa mwaka. Fundi mdogo hayumo. Nilimtafuta mmoja huko wiki tatu kabla ya kujua hivyo. Na sensa ya 1890 usiihangaikie, karibu yote iliteketea kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921.

Ardhi inaonekana vizuri zaidi kuliko kitu chochote. Serikali kuu imeweka mtandaoni hati za watu wa kwanza kuuziwa ardhi ya umma, na huhitaji kulipa kuzitazama. Bei ya chini ya kisheria ilikuwa dola 1.25 kwa eka. Kumbuka tu kwamba mafundi wengi walipanga au walinunua kiwanja kutoka kwa mtu mwingine, na hao utawakuta kwenye vitabu vya ofisi ya kaunti.

Mimi kilichonifungua macho kilikuwa daftari. Kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya kaunti moja ya jirani, mama anayeitunza alinisikiliza, akaniuliza kama nimewahi kusoma hesabu za duka la mhunzi. Akaniletea kitabu kirefu chembamba chenye jalada la ngozi iliyochakaa, cha mhunzi wa miaka ya 1850 ambaye hakuwahi kuwa maarufu. Sitamtaja, ana vitukuu wanaoishi hapa. Nilikisoma Jumamosi sita.

Siku ya kwanza sikuambulia kitu. Wino umefifia, mwandiko umelala, herufi "s" mbili zikifuatana, ya kwanza imeandikwa kama "f". Nilikuwa napiga picha ovyo kwa simu, nikifika nyumbani sijui ukurasa upi ni upi. Fanya hivi: piga kwanza picha ya jalada, halafu kila ukurasa kwa mfuatano, ukiandika namba pembeni kwenye karatasi yako. Usianze kusoma maneno. Anza na namba na majina yanayojirudia, maana mkono wa mtu mmoja ukishauzoea kwenye neno moja, mengine hufunguka yenyewe. Kwenye madaftari haya kila mteja ana ukurasa wake. Mistari inayoanza na neno la Kiingereza "To" ni anachodaiwa, inayoanza na "By" ni alicholipa. Mimi nilivichanganya, nikadhani mhunzi ndiye aliyekuwa akinunua mahindi yote yale kama mlevi wa pombe ya nafaka. Kumbe analipwa.

Alilipwa kwa mahindi. Kwa nyama ya nguruwe, kuni, siagi, nyasi za farasi, siku moja ya kazi ya kijana wa fulani, kiti. Pesa taslimu inajitokeza mara chache, kama mvua ya kiangazi. Na kazi zenyewe zilikuwa ndogondogo: kupiga kiatu cha farasi, kurudishia kiatu kilichotoka, kunoa wembe wa plau, kunoa wembe wa plau, kunoa wembe wa plau. Kila masika ukurasa baada ya ukurasa. Kuunga mnyororo. Kutengeneza bawaba. Kukaza chuma cha gurudumu. Sikukuta mahali alipogundua kitu chochote.

Kuna mteja mmoja deni lake linakwenda miaka minne. Mhunzi analihamisha ukurasa, analihamisha tena, halafu siku moja amelichora mstari juu, hakuna "By" yoyote. Sijui kama mtu alikufa, alihama au alisamehewa. Nilipouona mstari ule nilimkumbuka mwenye duka la vyuma wa Mwanza.

Naamini sasa kwamba fundi wa nyanda hizi aliishi ndani ya deni kama samaki ndani ya maji. Mkulima hana pesa mpaka mavuno, kwa hiyo anamkopa mhunzi. Mhunzi anamkopa mwenye duka chuma. Mwenye duka anamkopa mfanyabiashara wa Chicago au St. Louis. Benki zikiyumba, kama mwaka 1837, na ndio mwaka uleule wa plau la Deere, mnyororo wote unakatika na aliye chini kabisa ndiye anayeangukiwa. Deere mwenyewe hakutajirika kwa siku moja. Mwaka 1839 alitengeneza maplau 10. Mwaka 1840, 40. Mwaka 1842, 100. Katikati yake ni viatu vya farasi na minyororo kama ya huyu mwenzake. Mwaka 1848 alihamia Moline, hapa jirani yangu, kwa sababu ya nguvu za maji ya Mississippi na urahisi wa kusafirisha mizigo kwa meli. Na bado msukosuko wa fedha wa 1857 ulimbana, mpaka mtoto wake Charles akashika usukani wa biashara.

Charles ndiye aliyekuwa tumboni mwa Demarius siku baba yake anaondoka. Alizaliwa Machi 1837. Baba yake alimwona kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, Demarius alipofunga safari ile ndefu kutoka Vermont na watoto wote watano. Nimetafuta neno lolote la Demarius mwenyewe kuhusu miaka ile, hata barua moja, sikupata. Mke wangu aliponiuliza nimepata nini nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi andika ya kwangu." Ndiyo maana yamo humu, na ameyasoma kabla yenu.

Nilikwenda Grand Detour mara mbili. Mara ya kwanza Januari, nikakuta pamefungwa. Mwendo wa zaidi ya saa moja kwenye barafu, na watoto wanne wa jirani ndani ya gari. Kapige simu kwanza. Mara ya pili ilikuwa Mei. Karakana ya kwanza ilishatoweka zamani, lakini mwaka 1962 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichimba wakaikuta sakafu yake, na leo imejengewa paa. Unasimama juu unatazama chini: mahali palipokuwa na jiko, mahali pa fuawe, vipande vya chuma vilivyodondoka vikaachwa. Pembeni kuna karakana iliyojengwa upya, na mhunzi anafua mbele yako. Eliya, wangu wa kwanza, aliniuliza kwa nini ni ndogo hivi. Kweli ni ndogo. Yangu ya Mwanza ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna kosa jingine ambalo lingebaki kama si Mama Furaha, jirani yetu aliyetoka Uvira, Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa nawasimulia watoto kwamba walowezi walikuta ardhi tupu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Tupu? Wenyeji walienda wapi?" Sikuwa na jibu, na nyumba yangu iko dakika chache kutoka ulipokuwa Saukenuk, mji mkubwa wa Wasauk, pale mto Rock unapoingia Mississippi. Walikuwa na mashamba makubwa ya mahindi, yakilimwa na wanawake kwa mkono. Mkataba wa 1804, uliotiwa saini na watu wachache wasiokuwa na idhini ya taifa lao, ndio uliotumiwa kuwaondoa. Mwaka 1832 Black Hawk, kiongozi wao wa vita, alipowavusha watu wake kurudi kwenye mashamba yao, vita vikapiganwa, na mwisho wake wanawake na watoto waliuawa wakijaribu kuvuka Mississippi kule Bad Axe. Deere alifika miaka minne tu baadaye. Udongo ule haukuwa umesahau majembe ya watu wengine. Ukifuatilia maisha ya mlowezi yeyote wa huku, tafuta ukurasa huo mapema, usingoje mkimbizi akuulize.

Nilirudi kwenye nyundo Machi. Safari hii nilikwenda kwenye mnada wa shamba, nikanunua plau kuukuu la kukokotwa, mikono imeoza, wembe umelika mpaka kwenye bolti. Dola 45. Nikatafuta kipande cha springi ya gari, pua nzuri isiyo na gharama, nikakifua kwa siku mbili chini ya macho ya yule mzee. Nilikizima kwenye mafuta, na hakikupasuka. Nikakirudisha motoni kidogo, mpaka rangi ya majani makavu ipite juu yake, ili kisiwe na ukali wa kukatika. Lile bamba la kupindua nilisugua kutu kwa jiwe, halafu msasa, halafu mchanga laini, usiku nane, mpaka Neema akajiona uso. Kazi ya kusugua ndiyo ndefu kuliko zote, na hakuna karatasi ya shule inayoisema.

Sambamba na hilo nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa mwenye duka la vyuma. Nilimpigia. Sikuwa nimempigia kwa miaka tisa. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kwanza hali ya watoto. Tulikubaliana nitume kila mwisho wa mwezi, na nimetuma mara nne.

Aprili, mvua ilipokatika, tulilipeleka plau kwenye bustani ya jumuiya ambako Wakongo wana vitalu vya mahindi na lengalenga. Hatuna ng'ombe. Wanaume sita walishika kamba, mimi nikashika mikono mipya ya plau. Nilimpigia Baba kwa video. Huku saa nne asubuhi, Maswa saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hao ni watu wanavuta?"

"Ni watu, Baba. Tazama udongo."

Mama Furaha alishika simu, akatembea kando yetu, pale ambapo zamani nilikuwa natembea mimi na kijiti. Wembe ukaingia. Udongo mweusi ukapanda juu ya bamba, ukajikunja, ukaanguka upande, nyuma yake bamba likabaki linang'aa. Tulikwenda kama hatua arobaini kabla mikono ya watu haijachoka.

"Sogeza simu chini," Baba akasema. "Nisikie."

Tukavuta tena, simu ikiwa karibu na ardhi. Kuna sauti plau linatoa likiwa halikamatwi na udongo, kama mtu anayepitisha kiganja kwenye nguo ya hariri. Baba hakusema kitu mpaka tuliposimama. Halafu akaniambia wembe wake umekwisha, na wa dukani haudumu msimu, akamwita mdogo wangu alete rula. Akanisomea vipimo kimoja kimoja: urefu, upana, umbali wa tundu hadi tundu. Nilikaa juu ya tuta nikayaandika kwenye ukurasa mpya wa daftari: Baba, Maswa, wembe mmoja wa plau. Safu ya bei sikuijaza.